Maswali ya Wasomaji: Kazi za Kijana Aliyetangulia Tuzifanyeje?

Barua tatu tulizozichagua kwa toleo hili zinahusu jambo moja, nalo ni namna ya kumkumbuka kijana aliyefariki angali na mengi mikononi. Ya kwanza ni ndefu na tumeichapa karibu yote, kwa kuwa yanayoulizwa humo yanazikuta nyumba nyingi za mji huu wa Mombasa. Majina ya waandishi na ya marehemu tumeyahifadhi.

SWALI

Mwalimu, asalaam aleikum. Baada ya salamu nakuomba uniwie radhi kwa urefu wa barua hii.

Mdogo wangu wa kiume alifariki miezi miwili iliyopita akiwa na umri wa miaka 24. Alizaliwa na ugonjwa wa selimundu, kwa hivyo kulazwa hospitalini halikuwa jambo geni kwetu, na hata safari hii tulidhani atatoka kama alivyotoka siku zote. Alizikwa Kikowani siku iyo hiyo baada ya alasiri, na waliomsindikiza walikuwa wengi kuliko tulivyotazamia: mahamali, madereva wa tuktuk, wauza viazi karai, vijana wa bandarini. Nyumbani nako walikuja wanawake ambao hakuna mmoja wetu aliyejua walimfahamu vipi, na kila mmoja alikuwa na kisa chake cha jinsi alivyosaidiwa.

Kazi yake ilikuwa kuandika na kuchora. Aliandika majina ya mashua, mabango ya maduka na maneno ya nyuma ya tuktuk, lakini alichokipenda zaidi ni mikokoteni. Hamali akimletea mkokoteni wake hakumtoza. Alimuuliza habari zake, akanyamaza, kisha akamwandikia ubaoni maneno yaliyomfaa yeye na si mwingine. Mmoja bado unapita Marikiti na maandishi ya kijani na manjano yasemayo, “Nipishe taratibu, huenda mzigo ni wako.” Kila Jumamosi asubuhi aliwakusanya watoto wa mtaa barazani petu akawafunza kuchora. Hata alipolazwa aliomba aletewe penseli, akawachora wagonjwa wenzake wakicheka, hali hakuna hata mmoja aliyekuwa akicheka.

Ameacha madaftari, makaratasi yaliyojaa sanduku la mbao chini ya kitanda, vibao ambavyo havijakwisha, na simu yenye sauti nyingi alizojirekodi akitunga mashairi. Sasa nyumba imegawanyika. Mama hataki kitu kiguswe, na mlango wa chumba chake umefungwa tangu siku ya hitima. Ami yetu anasema picha za watu na wanyama zichomwe zisije zikamdhuru marehemu huko aliko. Rafiki zake wanataka kupiga fulana zenye sura yake na kuandaa mashindano ya kandanda kila mwaka kwa jina lake, ijapokuwa mpira wenyewe hakuujua. Na kuna muuza fulana mjini ambaye tayari anawauzia watalii mchoro wake mmoja bila kumtaja na bila kutuuliza. Baba yetu alishatangulia. Tumebaki mama, mimi na kaka zangu wawili.

Mwalimu, lipi ni letu kufanya na lipi si letu? Na kuna jingine ambalo naona haya kuliuliza. Kila anayemzungumza sasa anamfanya malaika. Mdogo wangu alikuwa mwema, lakini alichelewa kila mahali, alipokea kianzio cha kazi akasahau kazi yenyewe, na akinuna alinuna wiki nzima. Nikiyakumbuka hayo namcheka na kumlilia kwa pamoja, kisha naogopa kuwa namsengenya maiti.

Dada mtu, Kibokoni

JIBU

Waaleikum salaam, mwanangu. Pokea makiwa yangu, umfikishie na mama, na Mwenyezi Mungu amrehemu kijana wenu.

Nianze na mama, kwa kuwa ufunguo uko kwake na ni haki uwe kwake. Miezi miwili si kitu. Msimfungulie mlango huo kwa nguvu wala kwa hila, wala msimletee watu wa kumnasihi mmoja baada ya mmoja. Lakini mwelezeni jambo ambalo huzuni haiwezi kulibadilisha, nalo ni hewa ya Mombasa. Chumba kilichofungwa karibu na bahari hukusanya unyevu na chumvi, na masika yakishika, karatasi huota ukungu, wino wa kalamu za rangi hutanuka, na mchwa hawana habari kwamba nyumba ina msiba. Kukiacha chumba kama kilivyo hakutavihifadhi vilivyomo. Akilielewa hilo, keti naye yeye mwenyewe akitazama, afungue na kufunga kwa mkono wake, na kisitoke kitu nje ya nyumba katika siku hizo.

Sanduku liondoeni sakafuni, kwa sababu sakafu ndiyo inayotangulia kupata maji na mchwa, na liwekwe juu ya meza mbali na ukuta wa nje. Toeni pini na vibanio vya chuma, maana hushika kutu na kuitoboa karatasi. Palipochanika msipabandike selotepu, kwa kuwa gundi yake hugeuka manjano na kuacha doa lisilotoka. Msizipeleke karatasi hizo kupigwa plastiki ya moto katika duka la fotokopi, hata mwenye duka akiwaahidi kuwa zitadumu milele. Karatasi ikishapigwa plastiki hiyo haitoki tena. Mfuko wa nailoni uliofungwa mdomo nao haufai hapa kwetu, kwani hufungia unyevu ndani. Boksi safi la karatasi ngumu, lenye karatasi nyeupe kati ya mchoro na mchoro, latosha. Kila mchoro upigwe picha mchana karibu na dirisha, ukiwa umelazwa mezani, pasipo jua la kuuchoma na pasipo taa ya simu. Mkitumiana picha hizo kwa WhatsApp, zitumeni kama dokumenti, kwa sababu zikienda kama picha za kawaida hupunguzwa ubora. Nakala ziwe mbili, na ya pili ikae nyumba nyingine.

Hayo yote ni kazi ya mikono, na yeyote mwenye subira ataiweza. Iliyo ngumu zaidi, na ambayo watu wengi huiacha, ni hii: nyuma ya kila mchoro andikeni namba kwa penseli, na namba hiyo iwe na ukurasa wake katika daftari, ambamo mtaandika mchoro ulifanywa lini, kwa ajili ya nani, na siku ile kulikuwa na nini. Mji huu unazijua faida za jambo hilo. Mshairi Muyaka bin Haji alifariki kiasi cha mwaka 1840, na mashairi yake mengi yalibaki katika kumbukumbu za watu hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah, naye mtu wa Mombasa, alipoyakusanya na kuyafafanua. Kazi hiyo ikaingia katika maandishi ya mmisionari Mwingereza, W. E. Taylor, na diwani ya mashairi hayo haikuchapishwa hadi 1940. Beti ambazo Muyaka alizitunga wakati wa mvutano kati ya Mazrui, waliokuwa watawala wa Mombasa, na Seyyid Said, Sultani wa Omani, mtu asiyeelezwa kisa chake atazisoma, atazifurahia vina vyake, na asijue nani anapigwa kijembe. Mashairi yaliyopotea kabla ya Mwalimu Sikujua kuyafikia hatuna hata njia ya kuyahesabu.

Ninyi hamna haja ya kungoja kizazi kipite. Yule hamali mwenye mkokoteni yuko Marikiti leo. Mwendeeni, mnywe naye kahawa, pigeni picha ule ubao wake karibu na kwa mbali, kisha muulizeni alimwambia nini marehemu kabla hajaandikiwa maneno yale. Naungama kwamba nina hamu ya kulijua jibu lake kuliko ya kuuona mchoro wowote ulio sandukuni. Mkokoteni huuzwa, hupakwa rangi upya, huvunjwa ukawa kuni, na hamali mwenyewe siku moja hurudi kwao asionekane tena. Mashua nazo hukwanguliwa na kupakwa rangi. Kwa hivyo anzeni na kazi zilizo barabarani na bandarini kabla ya zilizo chumbani, maana za chumbani zina mlinzi. Na wale wanawake waliokuja matangani na visa vyao, mjue majina yao na mahali wanapokaa kabla matanga hayajasahaulika. Wema wake hakuuandika popote, umo ndani yao tu.

Simu ina haraka ya peke yake. Msiibahatishie namba za siri, kwa kuwa simu nyingine hujifunga au kufuta kila kitu baada ya majaribio mengi. Kama yupo aliyekuwa akiijua namba, na aifungue yeye. WhatsApp kwa kawaida hufuta akaunti iliyokaa siku 120 bila kutumika, na Google, kwa kanuni iliyoanza kutekelezwa Desemba 2023, yaweza kufuta akaunti isiyotumiwa kwa miaka 2 pamoja na picha zilizohifadhiwa humo. Basi sauti zake zihamishieni kwenye kompyuta mapema. Mteueni mtu mmoja tu wa kuipekua, awe mtu mwenye kifua, atoe mashairi na michoro, na mazungumzo yake na watu ayaache yalale. Marehemu ana siri zake kama sisi tulio hai. Ukurasa wake wa Facebook unaweza kugeuzwa kuwa wa kumbukumbu mkipeleka uthibitisho wa kifo, na baada ya hapo hakuna atakayeweza kuingia na kuandika kwa jina lake. Pesa zilizomo katika M-Pesa msizitoe kwa namba yake ya siri hata kama mnaijua, kwa sababu hizo ni mirathi. Nendeni na cheti cha kifo kwa kampuni yenyewe.

Ami yenu asifanywe adui. Suala la kuchora viumbe wenye roho lina maneno mengi miongoni mwa wanazuoni: wapo wanaokataza kwa ujumla, na wapo wanaotofautisha sanamu iliyochongwa na mchoro wa karatasini. Mimi si mufti wa kuwapa hukumu. Ninachoweza kusema ni kwamba kilichochomwa hakirudi, na kwa hivyo lililo la haki ni kumuomba awape muda, kisha mwende pamoja naye kwa sheikh mnayemwamini nyote, mkiwa na michoro yenyewe mkononi, mkaulizie hiyo hasa badala ya kubishana juu ya picha kwa jumla. Wakati huo mwonyesheni ile sehemu kubwa isiyo na ugomvi: herufi, majina ya mashua, mauwa, mashairi. Huenda hajapata kuiona. Nahisi anachokihofia ni hali ya mtoto wa nduguye huko aendako, na mtu mwenye hofu kama hiyo husikiliza akizungumzwa nayo kwa heshima.

Sasa huyu muuza fulana. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki ya mchoro haifi na mchoraji. Hudumu miaka 50 baada ya kwisha kwa mwaka aliofariki, na ipo hata kama haikusajiliwa, ijapokuwa kuisajili katika Bodi ya Hakimiliki husaidia ushahidi. Hapa lakini pana kutofautisha. Kazi iliyoagizwa na mteja, kama vile bango la duka, sheria huhesabu kuwa haki yake imehamia kwa aliyeagiza isipokuwa kama walipatana vingine, kwa hiyo mwenye duka hamna la kumdai. Mchoro alioutunga kwa hiari yake ni wa warithi wake, na mtu kuwa na karatasi hiyo mkononi, hata kama alipewa zawadi, hakumpi ruhusa ya kuipiga chapa na kuiuza. Tena iko haki ya marehemu kutajwa kuwa ndiye mtunzi, na kazi yake kutoharibiwa, na hiyo warithi wanaweza kuisimamia. Mwendeeni kwanza kwa upole, mkiwa na mchoro wa asili. Akikubali kuandikiana, iandikwe na kutiwa saini: jina la marehemu liwe kwenye fulana, sehemu ya mauzo ije kwenu, na muda wa ruhusa uwe na mwisho. Akikataa, hapo ndipo pa wakili.

Na warithi ni nani? Ninyi ni Waislamu, na Katiba ya 2010, kifungu cha 170, imeipa Mahakama ya Kadhi mamlaka ya kusikiliza mirathi ya Waislamu pale wahusika wote wanapokubali kwenda mbele yake. Ikiwa ndugu watatu nyote ni wa baba na mama mmoja, na babu mzaa baba hayupo, basi kilichoachwa na kijana asiye na mke wala mtoto, baada ya gharama za mazishi, madeni na wasia, hugawanywa mafungu 6: mama apate fungu 1, wewe fungu 1, na kila kaka mafungu 2. Ami hana fungu mbele ya ndugu wa marehemu. Thibitisheni kwa Kadhi, kisha kila shilingi ya fulana iingie katika hesabu hiyo tangu ya kwanza. Nimeona ndugu wakiacha kusemezana kwa pesa zisizotimia kodi ya mwezi mmoja, eti kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kuziandika.

Mashindano ya kandanda kwa kijana asiyejua mpira! Wape rafiki zake jambo linalomhusu. Tangu afariki, nani amekaa na wale watoto siku ya Jumamosi? Mwanafunzi wake mmoja mkubwa mwenye mkono mzuri, penseli za rangi na bunda la karatasi vinatosha kuanza Jumamosi ijayo, na rafiki hao wakichangiana kila mwezi kile ambacho wangekitia katika jezi na kombe, baraza hilo halitakosa karatasi. Ikiwa nia yenu ni thawabu zimfikie, hiyo ni sadaka yenye kuendelea. Fulana za sura yake ningeziacha kwanza. Mama atapita Mwembe Tayari siku moja akutane na uso wa mwanawe kifuani mwa mtu asiyemjua, na hakuna aliyemuuliza kama ataweza kulistahimili jambo hilo.

Lililobaki ni lile unaloliona haya. Kusengenya ni kumsema mtu kwa jambo ambalo angechukia lisemwe, na kijana wenu hakuwahi kuusitiri ucheleweshaji wake. Mtaa mzima ulikaa ukimngoja. Kununa kwake kuandike, na aliyemfanya anune umwandike, na alivyoacha kununa. Mtoto wa kaka yako atakayezaliwa baada ya miaka 10, akisimuliwa habari za ami aliyekuwa malaika, atasikiliza kwa adabu kisha aende kucheza. Akiambiwa kuwa ami huyo alimchora jirani aliyemuudhi akiwa na masikio ya punda, kisha akamsaidia kubeba mtungi wa gesi hadi orofa ya tatu, atauliza swali la pili. Mfano huo nimeutunga mimi, lakini najua ninyi mnayo ya kwenu.

Vianzio ni habari nyingine. Hivyo ni madeni, na deni hutangulia mirathi, fulana, na hata penseli za watoto. Pekueni madaftari yake na ujumbe wa M-Pesa mpate majina ya waliolipa, kisha warudishieni, au mteja akiridhia, yule mwanafunzi ammalizie kibao chake. Wengi watakwambieni wamesamehe. Washukuruni, lakini waulizeni.

SWALI

Shikamoo, Mwalimu. Mjomba wa mwanangu, kijana aliyekuwa akimtengenezea mashua za ndara kuukuu na magari ya waya, alifariki kwa ajali ya bodaboda. Mtoto ana miaka 6. Tuliona tusimuumize, tukamwambia mjomba amesafiri kwenda Maskati. Sasa anauliza kila siku mbona hapigi simu, na juzi alisema mjomba hampendi tena. Tufanye nini?

Mama mtoto, Kisauni

JIBU

Marahaba, mwanangu, na poleni sana. Mwambieni kweli, leo, na maneno yawe machache: mjomba alipata ajali, mwili wake uliumia sana hata ukashindwa kuendelea kuishi, amefariki, na mtu aliyefariki harudi. Msiseme amelala, kwa sababu mtoto wa umri huo ataogopa kulala, wala amesafiri, kwa sababu hayo mmeyaona matunda yake. Mwambieni pia kwamba mlisema Maskati kwa kuwa ninyi wenyewe mlikuwa na uchungu wa kulitamka, na kwamba mjomba hakuacha kumpenda. Atauliza tena kesho swali lile lile, na kesho kutwa; mjibuni vile vile bila kukereka, kwani watoto wadogo hulielewa jambo hili kidogo kidogo. Akienda kucheza dakika tano baada ya kulia, msishangae.

Zile mashua msizifiche. Mwachieni azichezee hata kama zitavunjika, lakini wekeni moja juu ya kabati, na mumwambie kuwa hiyo ni ya kutunzwa mpaka awe mkubwa. Akikosa usingizi au chakula kwa wiki nyingi, au akianza kuogopa kila anayetoka nyumbani, mpelekeni kwa daktari au mshauri nasaha anayehudumia watoto.

SWALI

Mwalimu, mimi ni mwanakwaya wa vijana katika kanisa moja la Changamwe. Mwenzetu aliyetutungia nyimbo nyingi alifariki mwaka uliopita kabla hajaoa. Alikuwa mtu wa kumkalisha kando anayekosa sauti na kumfunza peke yake ili asiaibike mbele ya wengine. Katika simu yake mmekutwa wimbo mmoja ambao haujakwisha: ameimba ubeti wa kwanza na kiitikio, na baada ya hapo anapiga mluzi tu. Tunataka kuumaliza ili tuuimbe katika ibada ya kumbukumbu yake. Wengine wanasema kuugusa ni kumkosea. Wewe wasemaje?

Mwanakwaya, Changamwe

JIBU

Poleni, ndugu yangu. Mimi sioni kosa katika kuumalizia wimbo. Kosa ni kuumalizia hivi kwamba baada ya miaka michache hakuna atakayejua yeye aliishia wapi nanyi mlianzia wapi. Rekodi yake ya kwanza isikatwe wala kupambwa kwa vinanda, nakala zake zihifadhiwe mahali pawili, na ule mluzi uandikwe kwa noti za solfa kama alivyoupiga, hata pale unapoonekana kupotea njia. Mluzi huo ndio ramani yake ya ubeti wa pili. Anayeongeza maneno awe yule aliyezoea kukaa naye wakati wa kutunga, asiwe yule mwenye kalamu kali kuliko wote, maana mjuzi sana atataka kumrekebisha.

Ruhusa ni ya familia. Haki ya wimbo nayo hudumu miaka 50 baada ya kwisha kwa mwaka wa kifo cha mtunzi, na kwa asiye Mwislamu aliyefariki bila wasia, bila mke na bila mtoto, Sheria ya Urithi huwatanguliza wazazi. Waendeeni, muwasikilizishe kilichopo, kisha muombe idhini kwa maandishi, hasa ikiwa kwaya ina mpango wa kuurekodi na kuuza. Wakikataa, uimbeni ubeti wa kwanza na kiitikio peke yake. Kuna nyimbo fupi kuliko huo zinazoimbwa kila Jumapili.

Wakikubali, kwenye karatasi ya noti jina lake litangulie kama mtunzi, na chini yake iandikwe ni ubeti upi ulioongezwa, nani aliuongeza, na mwaka gani. Na huo wimbo uliokamilika apelekewe mama yake nyumbani ausikie kabla ya siku ya ibada, asije akausikia kwa mara ya kwanza mbele ya watu.